Kiakisi cha rada kwa pirogi na boti ndogo za Kivu: bei yake, faida yake, na namna ya kujitengenezea

Maswali ni yale yale. Mtu ananunua motere yake ya kwanza, anaanza kubeba mizigo kwenye Ziwa Kivu, kati ya bandari ya Kituku hapa Goma na kisiwa cha Idjwi, halafu usiku mmoja meli inampita karibu hadi anasikia sauti za abiria. Kesho yake asubuhi anakuja: "Kile kitu cha kuonekana kwenye rada ni bei gani? Nikikifunga, meli itanikwepa?" Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, nao huuliza hivyo hivyo. Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Leo naandika yote mahali pamoja, ili na wewe umsomee mwenzako mliyeketi naye bandarini.

Jibu langu ni hili. Kitu hicho ni kiakisi, yaani chuma kinachorudisha mawimbi ya rada ili meli ikuone. Kizuri unaweza kujitengenezea hapa Goma kwa bamba la alimini, kwa kazi ya siku moja. Kile cha mamia ya dola usikinunue sasa. Na hicho utakachotengeneza kitakusaidia tu mbele ya chombo chenye rada, rada iwe imewashwa, na awepo mtu anayeitazama. Moja likikosekana, kiakisi ni alimini tu iliyoning'inia.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Rada hutuma mawimbi na kungoja yale yanayorudi. Mbao, plastiki na faiba hurudisha kidogo mno. Motere ni chuma, lakini iko chini, inafichwa na mawimbi ya maji na watu waliokaa mbele yake. Kitu cha mviringo kama sufuria hutawanya mawimbi kila upande. Bamba moja bapa hurudisha vizuri pale tu linapoitazama rada uso kwa uso. Lakini mabamba matatu yakikutana kwa pembe mraba, kama kuta mbili na sakafu kwenye kona ya chumba, wimbi likiingia hugonga moja, likagonga la pili, likagonga la tatu, kisha hurudi kule kule lilikotoka. Siri yote ni hiyo kona.

Ukubwa una uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukizidisha upande wa kona mara 2, nguvu inayorudi huongezeka mara 16. Nguvu hiyo hupimwa kwa mita mraba: zikiwa nyingi, rada inakuona vizuri zaidi. Kona yenye urefu wa sentimita 20 kutoka katikati hadi ncha hufikia kama mita mraba 6 na nusu mbele ya rada ya kawaida ya meli, ile ya mawimbi ya sentimita 3. Ya sentimita 30 hufikia kama 33. Mpira wa chuma wenye upana wa sentimita 30 hautoi hata sehemu ya kumi ya mita mraba moja. Hizo ni hesabu za kona iliyonyooka kabisa. Ya kwako itakuwa chini ya hapo, ndiyo maana nitakusumbua sana kuhusu pembe.

Bei, na nini cha kununua

Viko vya aina tatu.

Cha kwanza ni bomba jembamba la plastiki lenye vipande vya chuma ndani. Nje ya nchi huuzwa kwa makumi machache ya dola, chepesi, kinapendeza. Kiache. Mwaka 2006 boti ya matanga iitwayo Ouzo ilipotea kusini mwa Uingereza usiku, karibu na kisiwa cha Wight, baada ya kupitwa na feri ya Pride of Bilbao. Watu wote 3 waliokuwemo walikufa. Baada ya hapo wachunguzi wa ajali za majini wa Uingereza waliagiza viakisi vipimwe katika maabara, na lile bomba la inchi 4 likaonekana dhaifu kiasi cha kutofaa. La inchi 2 ni dogo zaidi. Mtu akikuletea moja kutoka Dubai kama zawadi, mshukuru, lakini usilitegemee.

Cha pili ni kiakisi cha mabamba matatu yaliyopishana, chenye kona nane na ncha sita. Ndicho tutakachotengeneza.

Cha tatu kinatumia umeme: kinasikia rada ikikipiga, kisha kinajibu kwa mawimbi yenye nguvu kuliko mwangwi wa kawaida. Kinafanya kazi kweli, na katika vipimo vile vya Uingereza vya aina hii viliongoza. Lakini bei ni mamia ya dola, kinataka betri ya volti 12 iliyo hai usiku kucha, na vingi vinajibu rada ya sentimita 3 tu, si ile ya sentimita 10. Kwa pirogi inayotafuta pesa ya esansi kila asubuhi, fedha hizo zina kazi nyingine. Na mtambo wa AIS, unaotangaza nafasi ya chombo kwa redio, una shida hiyo hiyo ya bei, tena unaonekana tu na chombo chenye kipokezi chake.

Katika sheria za bahari, mkataba wa SOLAS, ule wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unataka vyombo vilivyo chini ya tani 150 viwe na kiakisi pale inapowezekana, ili vionekane na rada za aina zote mbili. Kwenye ziwa letu sikuambii ufunge kwa kuogopa sheria. Funga kwa sababu wewe uko chini kwenye maji na nahodha wa meli yuko juu, usiku, na mvua ya Kivu haipigi hodi.

Kabla hujatumia hata faranga

Nenda bandarini mchana, simama, tazama juu ya meli zinazopita njia yako. Rada huonekana: ni upau mrefu unaozunguka juu ya mlingoti, au kuba jeupe la mviringo kama sufuria iliyofunikwa. Hesabu ngapi zinayo. Kisha muulize nahodha au msaidizi wake kwa heshima, "Baba, hii rada mnaiwasha usiku?" Ukikuta njia yako ina boti za mbao tu zisizo na rada, kiakisi hakitakusaidia na hizo. Taa itakusaidia.

Na hapa nasema kwa uchungu. Kuna vitu vitatu vinavyokuja kabla ya kiakisi: jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtu, lile tunaloita jile, taa nyeupe inayoonekana pande zote, na mzigo usiozidi. Oktoba 2024 boti ya MV Merdi ilizama mbele ya Kituku, watu wa nchi kavu wakitazama, ikitoka Minova na watu wengi kupita kiasi. Haikugongwa na chombo kisichoiona. Hakuna kiakisi duniani ambacho kingewaokoa wale. Kama huna jile, funga ukurasa huu ukanunue jile, utarudi baadaye.

Unachohitaji

- Bamba la alimini bapa, unene wa milimita 1.5, la kutosha miraba mitatu ya sentimita 42 kwa 42. Ulizia vipande vilivyobaki kwa mafundi wa madirisha na milango ya alimini. Hupimwa na kuuzwa kwa bei ya chini kuliko bamba zima.
- Ukanda wa alimini wa upana wa sentimita 4, wa kukunjwa kuwa vipembe vya L. Mabaki ya bamba lile lile yanatosha.
- Riveti za alimini kama 50, na koleo la riveti.
- Msumeno wa chuma wenye wembe mpya, tupa, drili, ekeri ya seremala (ile ya kupimia pembe mraba), na mita ya chuma. Mita ya kitambaa ya fundi cherehani inavutika, usiitumie.
- Kamba nyembamba ya nailoni, na mti mnyoofu au bomba la kusimamisha juu ya boti.

Manjanja, yaani mabati ya kuezekea yenye mawimbi, hayafai, hata ukiyagonga kwa nyundo. Bamba likiwa na bonde la milimita chache tu, wimbi la rada linarudi upande mwingine. Bati bapa jipya linaweza kutumika kama alimini imekosekana, ila ni zito na litashika kutu.

Hatua kwa hatua

1. Chora miraba mitatu ya sentimita 42 kila upande. Pima na ulalo wa kila mmoja: uwe sentimita 59.4 kutoka kona hadi kona. Lalo mbili zikitofautiana, huo si mraba. Chora upya kabla ya kukata.

2. Kata, kisha lainisha kingo kwa tupa. Kingo za alimini hukata mkono vibaya, na kitu hiki kitaning'inia juu ya vichwa vya watu.

3. Chukua mraba wa kwanza. Kata mfereji ukifuata ulalo, kuanzia kona moja hadi katikati tu. Upana wake ulingane na unene wa bamba, basi. Fanya vivyo hivyo kwenye mraba wa pili. Wengi huupanua mfereji ili bamba liingie kwa urahisi. Halafu linacheza, na pembe inapotea.

4. Ingiza mraba wa kwanza ndani ya wa pili, mfereji kwa mfereji, hadi vituo vyao vikutane. Sasa una umbo la msalaba.

5. Mraba wa tatu ukate kufuata lalo zake zote mbili. Utapata pembetatu nne zinazofanana, kila moja ikiwa na pembe mraba. Punguza kwa tupa kidogo, kama milimita moja, kwenye pande mbili fupi ili unene wa mabamba mengine upate nafasi.

6. Kata ukanda uwe vipande vya sentimita 4, kila kimoja ukikunje katikati kwa pembe mraba juu ya chuma kilichonyooka. Vifanye kama 20. Hivyo ndivyo vipembe.

7. Weka pembetatu moja katika kila robo ya msalaba, ncha yenye pembe mraba ikigusa katikati. Ishike kwa vipembe viwili kila upande. Usipige riveti zote mara moja: weka moja kwa kila kipembe kwanza, pima, nyoosha, kisha ongeza ya pili. Vipembe vinavyobaki vifunge pale miraba miwili ya kwanza inapopishana.

8. Hii ndiyo hatua inayotenganisha kiakisi na pambo. Umbo lako sasa lina ncha sita. Pima kutoka ncha moja hadi jirani yake, zote, vipimo kumi na viwili. Kila kimoja kiwe sentimita 42. Tofauti ya milimita 4 maana yake pembe imekosea digrii moja hivi, na digrii 2 zinatosha kukunyang'anya sehemu kubwa ya mwangwi. Mimi nakubali milimita 2, basi. Kikizidi, ng'oa riveti moja, vuta, pima tena. Fundi mwenye haraka hukataa hatua hii. Mlipe nusu kwanza, nusu baada ya kupima mbele yako.

9. Kiweke mezani kikae chenyewe. Kitalala juu ya ncha tatu, na juu kutakuwa na kona moja iliyofunguka kama kikombe. Huo ndio mkao wa kukifunga: mkao wa kukinga mvua, kama kikombe kinavyodaka maji. Toboa kila moja ya zile ncha tatu za juu, funga kamba tatu za urefu sawa, ziunganishe juu. Toboa pia tundu dogo chini ya kile kikombe ili maji yatoke.

Hapa ndipo karibu kila mtu hukosea. Wanafunga kamba moja kwenye ncha moja, kinaning'inia kimesimama wima kama almasi, kinapendeza machoni. Katika mkao huo rada ya meli inakutana na ukingo wa bamba badala ya mdomo wa kona, na unapotea kwenye pande nyingi. Ukikikalisha kwa kukinga mvua, kona sita zinatazama huku na huku kuzunguka boti, tatu zikiinama kidogo na tatu zikiinuka kidogo.

10. Kipandishe. Mita 3 hadi 4 juu ya maji ni pazuri kwa boti inayoweza kubeba mlingoti huo. Pirogi nyembamba isilazimishwe: kiakisi hiki kina kilo 2 na kidogo, na upepo unakisukuma kama tanga dogo. Ukiona pirogi inayumba zaidi kuliko jana, shusha. Mita 2 juu ya boti imara ni bora kuliko mita 4 juu ya boti inayopinduka. Kwa boti za sambaza, zile tatu zilizofungwa pamoja kwa miti, mahali pake ni boti ya katikati, mbali na taa zinazochoma na mbali na kamba za wavu.

11. Kifunge na kwa chini pia, kamba mbili au tatu, kisizunguke wala kugonga mlingoti. Kiakisi kinachogonga usiku kucha kitakuwa kimepinda ndani ya mwezi mmoja.

12. Kijaribu. Usiruke hatua hii. Tafuta nahodha mwenye rada, umwombe aiwashe akiwa amefunga gati au yuko nje kidogo. Wewe nenda kilomita moja kutoka kwake, kwenye maji yaliyo wazi, pasiwe na kilima karibu nyuma yako. Zunguka polepole duara zima huku mnaongea kwa simu. Akuambie ni upande gani unaonekana, upande gani unapotea. Rudia kwa kilomita 2, kisha 3. Halafu shusha kiakisi, rudia tena bila hicho. Tofauti hiyo ndiyo thamani ya fedha yako, na utaijua mwenyewe bila kuambiwa na muuzaji.

Mambo ya kutunza

Rangi ya kawaida, nyembamba, haizuii rada. Rangi yenye unga wa chuma usipake. Turubai la plastiki halizuii pia, kwa hiyo hata kikiwa chini ya hema la boti kitaonekana, mradi pasiwe na mabati au watu wamesimama kukizunguka. Nimeona kiakisi kizuri kimewekwa sakafuni kati ya magunia ya viazi "kisiibiwe". Kikiwa huko kinalindwa na wezi, na meli nayo haikioni.

Kila mwezi rudia vipimo vya hatua ya 8. Mtoto akikikalia, pima siku hiyo hiyo.

Kikikataa kufanya kazi

*Nahodha anasema unaonekana na kupotea.* Tazama mkao kwanza. Kamba moja ikilegea, kikombe kinainama. Kama mkao uko sawa, ni mapengo kati ya kona na kona, na kila kiakisi cha aina hii kinayo. Kwenye mawimbi boti inayumba na mapengo yanahama, kwa hiyo unarudi. Lakini akikupoteza kwa muda mrefu upande mmoja ule ule, kuna kona iliyopinda upande huo.

*Unaonekana karibu tu.* Pima pembe. Zikiwa nzuri, inua kiakisi kidogo. Zikiwa nzuri na kiko juu, tengeneza kikubwa zaidi. Kumbuka ile hesabu ya mara 16.

*Unaonekana katikati ya ziwa, unapotea karibu na pwani.* Hilo halina dawa kwa alimini. Milima yetu inaingia moja kwa moja majini, na mwangwi wake unakumeza. Ukipita chini ya milima ya Idjwi au ya upande wa Kalehe usiku, hesabu kwamba rada haikuoni, na taa yako iwe imewaka.

*Unapotea mvua ikinyesha.* Mvua kubwa inaijaza rada ya sentimita 3 madoa meupe. Meli yenye rada ya sentimita 10 huona vizuri zaidi ndani ya mvua, lakini mbele yake kiakisi hiki kinarudisha kama sehemu ya kumi tu. Mvua ikija, mwanga, filimbi, na kukaa mbali na njia ya meli.

*Hauonekani kabisa, hata kwa mita 500.* Muulize nahodha kama amepandisha sana kile kitufe cha kuondoa mawimbi ya maji. Wengi hukipandisha usiku wa upepo ili skrini isafike, na vyombo vidogo vinafutwa pamoja na mawimbi. Mwombe akishushe polepole huku wewe umesimama pale pale. Nimewahi kusimama hivyo mbele ya Kituku robo saa nzima, nimeshaanza kulaumu riveti zangu, kumbe kitufe. Aliposhusha, nilisikia kwenye simu: "Ah, kumbe uko hapo. Na nyuma yako wapo wengine wawili." Wale wawili walikuwa wavuvi, na mmoja wao hakuwa na taa.